Ngazi Mbili za Kuluba

Zam binti Kamisi alikuwa na maringo, na mimi siwezi kumtetea. Lakini angekosaje? Baba yake, marehemu Sajini Kamisi, alikuwa akienda soko la Koboko kifua mbele kama yuko gwaride. Mama yake, Medina, hata akitoka kisimani na jerikani kichwani hamwinamishii mtu uso. Mtoto wa watu hao wawili atoe wapi shingo ya kuinama? Tena juu ya hayo alikuwa binti wa kwanza wa Kuluba kusomea kuchora majengo, akawa na meza yake na dirisha lake katika ofisi moja mjini Arua. Na mwaka huu alikuwa amepewa kazi iliyomzidishia kimo: kuchora mnara wa kutazamia ndege kwenye hifadhi ya bwawa la Lukoro, kulekule kwao Kuluba alikozaliwa.

Wiki nzima alikuwa amekaa bwawani, matope mpaka magotini, akijifunza kulastara wanatua wapi na kwarara wanapiga kelele saa ngapi. Alijua upepo unatoka wapi. Aliugeuza mnara ulipe mgongo jua la asubuhi ili mtazamaji asiumizwe macho. Kila nguzo aliifikiria, kila mbao aliipa nafasi yake. Sasa mtu kama huyo apigiwe simu asubuhi, hata chai hajamaliza, aambiwe mnara wake umekataliwa!

"Zam, kazi imesimama," Latifu alisema kwenye simu.

"Imesimamishwa na nani?"

"Akina mama wa Kuluba. Na mimi pia."

"Na wewe? Wewe ni fundi wangu au fundi wao?"

"Njoo uone kwa macho. Hii si maneno ya simu."

Zam alikata simu bila kuaga. Hasira ilimpanda, na nitasema ukweli, haikuwa hasira peke yake. Ile sauti ya Latifu, nzito, isiyo na haraka, ilikuwa bado inampitia mwilini kama siku ya kwanza alipoisikia.

Latifu Ezati alikuwa fundi wa mbao kutoka Dadamu, nje kidogo ya Arua. Miaka mitatu nyuma alimletea Zam meza ya kuchorea, na Zam alipoiona inayumba akamwambia meza yake ina mguu mfupi. Latifu hakubisha. Alichukua pimamaji, akaiweka juu ya meza, kisha akaiweka chini. "Meza iko sawa, dada," akasema. "Sakafu yako ndiyo imepinda." Na kweli ilikuwa imepinda. Katika maisha yake yote hakuna mwanamume aliyekuwa amemwambia Zam ukweli bila kumwogopa wala kumcheka. Siku hiyo hakulala.

Tangu hapo walipendana waziwazi, Arua na Koboko zote zikajua. Aliyekataa ni Medina. Mara mbili wajomba wa Latifu walikuja Kuluba kufungua mdomo wa posa, kama desturi inavyotaka, na mara mbili walirudi Dadamu na chai tumboni bila jibu. Mara ya pili aliwapa maneno ya kuchukua njiani: "Mtoto yangu nachora majengo. Ile kijana yenu napigilia misumari. Sasa hao wawili watakutana wapi?"

Na hakuishia hapo. Wewe unajua kwetu mama mkwe na mkwe wake hawashikani mikono. Wakikutana njiani mmoja hukata kona, uso pembeni, na kama kuna neno la kusema hupitia kwa mtu wa tatu. Ndiyo heshima yenyewe. Latifu, kila akimwona Medina, alijua la kufanya: anageuza uso, anaacha njia. Lakini Medina alikuwa anamfuata! Anaacha njia naye, anapita kwenye mihogo ya watu, mkono umenyooshwa mbele, "Fundi! Habari ya kazi, fundi?" mpaka amshike mkono na kuutikisa mbele ya watu. Alitaka Kuluba nzima ione kwamba huyu kwake ni fundi tu, kama fundi wa baiskeli. Kila mkono ule ulipotikiswa, Zam aliona kama amepigwa kofi yeye.

Basi alipofika Lukoro mchana, akashuka kwenye boda na ramani imeviringishwa kwapani, tayari alikuwa amewaka. Akautazama mnara. Nguzo zote sita zilikuwa zimesimama wima, ngazi imepanda upande wa mashariki, sakafu ya juu imekamilika. Kwa dakika moja alijisahau, moyo ukamjaa. *Hiki kitu nimekichora mimi.*

Ndipo akaona tundu. Upande wa magharibi wa sakafu, pale ambapo ramani yake ilionyesha mbao nzima, mtu alikuwa amekata tundu la mraba, mtu mzima anapita.

"Latifu Ezati!" Yangeyange waliokuwa kwenye majani waliruka wote kwa pamoja. "Nani alikupa ruhusa kukata sakafu yangu?"

Latifu alichungulia kutoka juu, vumbi la mbao limemjaa kwenye kope. "Karibu, Zam. Msalimie mzee kwanza."

Mzee mwenyewe alikuwa Mogga, mlinzi wa hifadhi, mtu anayejua ndege kwa sauti kuliko anavyojua majirani zake. Alikuwa amekaa juu ya gogo, mguu wa kushoto umefungwa kitambaa, umevimba kama muhogo.

"Baba Mogga! Umepatwa na nini?"

"Mnara yako ndiyo imenipata," Mogga akasema, akakunja uso kwa maumivu. "Jana tulisema tujaribu. Mimi napanda, naangalia mdiria yangu, nafurahi. Sasa nashuka. Nafika katikati ya ngazi, naona mutu iko napanda. Naangalia vizuri. Mama Paska!"

Zam akaweka mkono mdomoni. Mama Paska alikuwa mama mkwe wa Mogga.

"Mimi iko katikati, yeye iko katikati. Ngazi ni moja, nyembamba. Nyuma yake wanawake wengine wanne napanda. Mimi nafanya nini? Mimi iko ndege? Nikafunga macho nikaruka."

"Ukaruka!"

"Kwenye matope. Lakini chini ya matope iko jiwe." Akaugusa mguu wake. "Na Mama Paska tangu jana hajatoka nje ya nyumba mpaka leo asubuhi, kwa aibu. Wanawake wote wamesema hii ni ngazi ya aibu. Hawapandi tena. Na kama wao hawapandi, nani atatembeza wageni? Nusu ya waongozaji ni wao."

Zam aliutazama ule mguu. Masikio yalikuwa yanamwaka. Mgeni angechora ngazi moja, akasamehewa. Mtu wa Kampala, mtu wa ng'ambo, angejuaje? Lakini yeye, aliyefundishwa kuacha njia tangu hajaota meno ya pili, alifikiria upepo, jua, matope na makorongo, akasahau wakwe! Aliipanda ngazi haraka ili mzee asimwone machozi.

Juu, Latifu alikuwa amepiga magoti akipiga randa ukingo wa lile tundu. Harufu ya mbao mbichi ilikuwa imejaa pale.

"Umekata boriti ya magharibi," Zam akasema. "Mnara utalala."

"Sikukata boriti. Nimekata mbao kati ya boriti na boriti. Pima."

Akampa tepu. Zam alipima. Akapima tena upande wa pili, akitafuta kosa kwa bidii kama mtu anayetafuta sindano aliyoiangusha mwenyewe. Hakuna. Tundu lilikuwa pale hasa ambapo yeye mwenyewe angeliweka.

"Kama ulijua, kwa nini hukuniambia tangu mwanzo?" akauliza. "Unangoja mzee wa watu avunjike mguu ndiyo uonekane una akili?"

Latifu aliweka randa chini. Akamtazama, na Zam alijuta kumuuliza kabla hajajibiwa.

"Nilikwambia, Zam. Ofisini kwako Arua, siku umemaliza ramani. Nilikuuliza, je, mkwe na mama mkwe wakikutana hapa? Unakumbuka ulinijibu nini?"

Alikumbuka. Ee Mola, alikumbuka vizuri sana. Siku ile alikuwa na haraka, bosi wake yuko mlangoni, naye hakutaka bosi aone fundi anamsahihisha. Alikuwa amemjibu bila hata kuinua kichwa.

"Nilisema..."

"Ulisema, 'Latifu, wewe pigilia misumari, mambo ya kuchora niachie mimi.'"

Upepo ulivuma kwenye mafunjo. Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina, na Zam siku hiyo aliona kisogo cha mama yake kimekaa kichwani pake mwenyewe. Maneno yaleyale. Usiku mwingi alikuwa amelia kwa ajili ya maneno yale, na kumbe yeye naye alikuwa nayo mdomoni.

"Na ulinyamaza tu," akasema polepole. "Miezi yote hii."

"Ningefanya nini? Mama yako akinitukana, najua anampenda binti yake. Hiyo naielewa, naweza kuimeza." Latifu akajifuta kope kwa mgongo wa mkono. "Lakini wewe uliponiambia vile, niliuliza moyo wangu, kama hata Zam ananiona hivi, mimi nafanya nini Kuluba?"

"Usiseme hivyo."

"Nasema kwa sababu nakupenda. Ningekuwa sikupendi ningejenga ngazi moja, nikachukua msumeno wangu nikarudi Dadamu."

Zam akakaa chini palepale, kwenye takataka za randa, na gauni lake la ofisi. Alitaka kuomba msamaha, lakini maringo ni kitu kigumu, hayatoki kwa siku moja. Kilichotoka ni mkono. Aliunyoosha, akamtoa vumbi kwenye kope kwa kidole gumba, jicho moja, kisha la pili. Latifu alifumba macho akatulia. Pengine ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kunyamaza pamoja bila mmoja kutaka kushinda.

"Kalamu iko wapi?" Zam akauliza mwishowe.

Latifu aliitoa sikioni, kalamu yake ya mbao, bapa, ya ufundi. Zam akaikunjua ramani sakafuni. "Ngazi ya mashariki ni ya kupanda. Hii yako ya magharibi ni ya kushuka. Hawakutani."

"Na wakiwa juu? Sakafu ni moja. Mkwe anaangalia ndege, mama mkwe anatokea nyuma yake."

Zam akafikiri, ncha ya ulimi imetoka kidogo kama mtoto wa shule. Kisha akachora mstari katikati ya sakafu. "Ukuta wa matete. Juu kupita kichwa. Nusu huku, nusu huku, kila nusu na dirisha lake la kutazama bwawa."

"Matete yatafungwa na kamba, hayatakuwa mazito," Latifu akasema, tayari amechukua kalamu, tayari anarekebisha. "Na ukiyaweka hapa badala ya hapa, boriti inayabeba."

"Hapo, ndiyo. Hapo hapo."

Vichwa vyao vilikuwa vinakaribia kugongana. Wangekaa hivyo mpaka jioni kama si sauti iliyosikika chini.

"Fundi! Fundi yuko wapi?"

Medina alikuwa amefika, mtandio wake wa kijani umekaa sawa mabegani, na nyuma yake akina mama wa Kuluba, na nyuma yao Umaru, mwenyekiti wa kamati ya hifadhi, kofia mkononi. Latifu aliposhuka aligeuza uso, akazunguka nyuma ya nguzo. Medina naye akazunguka. Latifu akazunguka nguzo ya pili. Medina huyo, mkono mbele!

"Habari ya kazi, fundi? Mbona nakimbia? Mimi iko na ugonjwa?" Akaukamata mkono wa Latifu, akautikisa mara tatu, akimtazama usoni kavukavu. Akina mama wengine waliangalia chini. Hata wao waliona haya.

"Sasa," Umaru akaanza, watu walipokaa juu ya rundo la mbao. "Kamati inataka neno moja tu. Mzee Mogga ameumia, Mama Paska amepata aibu. Kosa iko ya nani? Kama ni ya fundi, tunatafuta fundi mwingine, kazi naendelea. Kama ni ya ramani..." Alimtazama Zam kwa huruma. "Kama ni ya ramani, wenye hifadhi wamesema watachukua ile mnara ya chuma kutoka Kampala. Iko tayari, naletwa na lori. Hii ya mbao tunabomoa."

"Ya fundi!" Medina alisema kabla hajaulizwa. "Mtoto yangu amesoma. Ramani ya mtoto yangu hapana kosea. Nani amekata tundu pale juu? Ni yeye! Nani alijenga ngazi nyembamba? Ni yeye!"

Zam alisimama. Aliutazama mnara. Akikubali kwamba ramani ilikosea, wataubomoa, nguzo kwa nguzo, mbele ya watu waliomjua akiwa mtoto. Akinyamaza tu, asiseme hata uongo, anyamaze, mnara utabaki. Atakayeondoka ni Latifu.

Na kabla hajafungua mdomo, Latifu akasema. Alikuwa amesimama pembeni, mgongo nusu kwa Medina, kama mkwe anavyosimama.

"Mwenyekiti, waambie akina mama kwamba kosa ni langu. Ramani ilikuwa sawa. Mimi sikuisoma vizuri."

Medina mwenyewe alikunja paji la uso. Alikuwa amekuja na maneno mengi, na sasa hapakuwa na mtu wa kugombana naye.

"Mwongo!"

Watu wote wakageuka. Ilikuwa ni Zam, na ile shingo ilikuwa imenyooka kuliko siku zote.

"Mwongo mkubwa huyu! Mama, wazee, nisikilizeni. Ramani nilichora mimi, na nilikosea mimi, Zam binti Sajini Kamisi. Ngazi moja nilichora kwa mkono wangu. Huyu alinionya, nikamdharau. Nikamwambia apigilie misumari." Akainyooshea kidole sakafu ya juu. "Tundu lile alilikata kwa sababu aliwaheshimu nyinyi kuliko mimi nilivyowaheshimu, na mimi ndiye mtoto wenu. Kama mnabomoa, bomoeni. Lakini fundi huyu hafukuzwi kwa kosa langu. Baba yangu hakunifundisha hivyo."

Alipomtaja baba, Medina aliinua uso ghafla, kisha akautazama mchanga.

Umaru alikohoa. "Basi... basi kama ni ramani, ile ya chuma..."

"Ngoja kwanza." Hiyo ilikuwa sauti ya Mama Paska, bibi mwembamba aliyekuwa amekaa mwisho kabisa, mgongo kwa Mogga, na Mogga mgongo kwake. "Mwenyekiti. Hiyo ya chuma iko na ngazi ngapi?"

Umaru alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akaigeuza juu chini. "Moja."

"Moja!" Akina mama wakacheka mpaka wakashikana mabega. "Sasa kwa hiyo Mogga ataruka tena? Tena kwenye chuma?" mmoja wao akauliza.

"Waambie mimi mguu imebaki moja tu!" Mogga akapaza sauti bila kugeuka, na kicheko kikawa mara mbili.

Zam akaitandika ramani juu ya mbao. Akawaonyesha ngazi mbili na ukuta wa matete. Mogga alichechemea akaja kuchungulia, Mama Paska alipokwisha kuondoka, akaweka kidole juu ya ule ukuta. "Hii iko nzuri kuliko unajua," akamwambia. "Mutu akisimama wazi pale juu, kulastara namwona kwenye mawingu, anaruka. Matete ikiwa nyuma yake, ndege haoni kitu. Nani aliwaza hii?"

"Sisi," Zam akasema. "Mimi na yeye."

Kamati ilikubali kabla jua halijashuka. Na kuna jambo moja ambalo Zam hakuliona kwa furaha, lakini mimi nakwambia: siku ile Medina aliondoka bila kumpa Latifu mkono wa kwaheri. Alipita mbali, akitazama mbele, kama mtu anayehesabu kitu kichwani.

Wiki sita baadaye mnara ulifunguliwa. Watu walitoka Koboko mjini, wengine Arua, wanafunzi na sare zao, ngoma zikilia tangu asubuhi. Kulikuwa na kibao kimoja tu kimefunikwa kitambaa, na kibao hicho kilikuwa kimeleta maneno nyumbani. Medina alitaka kiandikwe jina moja. "Jina ya baba yako isomwe pale. Kamisi. Inatosha." Zam alimjibu, "Litasomwa, Mama," na hakusema zaidi.

Umaru alivuta kitambaa. Mwalimu mmoja akasoma kwa sauti ili wote wasikie: "Mnara wa Lukoro. Umechorwa na Zam Kamisi na Latifu Ezati. Umejengwa na Latifu Ezati na Zam Kamisi."

Watu wakapiga makofi. Zam alimtazama mama yake. Medina alisogea mpaka karibu na kibao, akakisoma mwenyewe, midomo ikienda polepole. Akakisoma tena. Aliinua pindo la gauni lake, akaelekea kwenye ngazi ya mashariki, akaanza kupanda, mgongo umenyooka.

"Latifu yuko wapi?" Zam akamwuliza Mogga.

"Juu. Amesahau nyundo yake."

Zam akageuka kutazama juu. Latifu alikuwa anashuka. Na fundi ni fundi, anajua mnara wake kama chumba chake, hakukumbuka ipi ya kupanda ipi ya kushuka. Alikuwa anashuka ngazi ya mashariki, nyundo mkononi, anapiga mluzi.

Walikutana katikati.

Ngoma zilinyamaza zenyewe. Latifu aliganda. Juu yake ngazi, chini yake Medina, pembeni matope yenye jiwe. Akageuza uso kwenye nguzo na kufumba macho, akingojea ule mkono. Zam naye aliungojea. Moyoni alisema, *Mama, leo usiufanye. Nakuomba, leo tu.*

Medina alisimama. Alimtazama yule kijana aliyebana kwenye nguzo kama mtoto aliyekosa. Mkono wake wa kulia uliinuka. Ukainuka mpaka kwenye mtandio, akauvuta ukafunika uso. Kisha yule mama ambaye hajawahi kumwachia mtu njia akageuka, akashuka vidato vyote alivyopanda, kimoja kimoja, akauzunguka mnara mzima mbele ya Kuluba yote, akapanda ngazi ya magharibi.

Mama Paska ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Baada yake sijui ni nani hakupiga. Zam alikuwa amekaa chini kwenye nyasi, analia na kucheka, hata hakujua aliketi saa ngapi. Latifu alifika chini, akasimama uso kwenye mafunjo, haamini.

"Zam!" sauti ya Medina iliita kutoka juu, nyuma ya matete. Ilikuwa sauti ileile ya amri. "Zam! Iko mbao moja hapa nalia nikikanyaga. Mwambie mutu yako apande, aitengeneze."

Kisha akaongeza:

"Lakini angoje kwanza. Mama mkwe yake iko naangalia ndege."